Mtu Aliyemficha Caroline Baharini

Mvuvi wa Shimoni au wa Vanga amwagapo samaki wake chini, mara nyingine hukutana na mgeni asiyemwalika. Ubavuni mwa samaki, karibu na pezi, au ndani ya kinywa chake, amejibana mdudu mwenye mgongo wa pingili pingili na miguu 14 iliyopinda kama kulabu. Mvuvi humwita chawa wa samaki, humbandua, humtupa, kisha huendelea na shughuli zake. Wala simlaumu, kwa sababu mdudu huyo haliwi wala hauzwi. Lakini katika vitabu vya wenye elimu ya wanyama, baadhi ya chawa hawa wa Bahari ya Hindi huitwa Nerocila, na wengine huitwa Anilocra. Msomaji akiyachukua majina hayo mawili, akazifumua herufi zake moja moja na kuzipanga upya, atamkuta humo ndani mwanamke amekaa kimya: Caroline katika jina la kwanza, Carolina katika la pili.

Watoto wa pwani wanaujua mchezo wa namna hii. Wao huzungumza kinyume, mwisho wa neno ukawa mwanzo, kitabu kikawa bukita, na mzee aliye karibu asiambulie kitu. Mtu aliyeucheza mchezo huo kwa majina ya wadudu wa bahari hakuwa mtoto. Alikuwa daktari, mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, na katika siku zake hapakuwa na Mwingereza aliyewajua zaidi yake wanyama wa jamii ya kaa na kamba. Jina lake ni William Elford Leach. Leo nataka tumzungumze, kwa sababu naona hajatendewa haki. Wale wachache wanaomkumbuka humkumbuka kwa mzaha wake, nao mzaha ni sehemu ndogo sana ya habari yake.

Leach alizaliwa Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 1791. Baba yake alikuwa mwanasheria. Plymouth ni bandari, na ghuba yake ina maji ya baridi ambayo mtu wa Mombasa hawezi kuyaingia bila kupiga kelele. Lakini maji yakipwa, miamba hubaki wazi na kuonyesha mali yake: kaa, kome, mwani, na vijidudu visivyo na idadi vinavyokimbilia gizani jiwe likiinuliwa. Huko ndiko kijana Leach alikoanzia. Akiwa na miaka 12 tu alipelekwa Exeter kujifunza kazi ya utabibu hospitalini. Baadaye alisoma London katika hospitali ya St Bartholomew's, kisha Edinburgh, na mwaka 1812 akapata shahada yake ya udaktari kutoka St Andrews. Shahada hiyo hakuitumia kutibu watu. Mwaka 1813 alijiunga na Makumbusho ya Uingereza, akakabidhiwa wanyama waliokauka, waliojazwa pamba na waliolazwa katika chupa za pombe kali.

Ili tumwelewe Leach yatupasa kwanza tuielewe hali ya elimu hiyo wakati ule. Mswidi Carl Linnaeus alikuwa amewapa watu wa Ulaya utaratibu wa kumwita kila kiumbe kwa majina mawili: la kwanza la jenasi, la pili la spishi, mithili ya ukoo na mtu. Utaratibu huo ulikuwa neema kubwa. Lakini Linnaeus, alipofika kwa wanyama wenye miguu ya viungo, aliwasomba wote akawatia katika chungu kimoja, akakiita wadudu. Humo walikuwamo nzi na nyuki, sawa. Humo pia walikuwamo buibui, nge, tandu, jongoo, kaa na kamba. Wale wa miguu 14 tunaowazungumzia, pamoja na ndugu zao wa nchi kavu wenye rangi ya kijivu ambao hukaa chini ya mawe yenye unyevu, na wengine wao hujikunja kama kijitufe wakiguswa, Linnaeus aliwapa jina moja la Oniscus, basi.

Wafaransa walikuwa wamekwisha kuupita utaratibu huo. Kule Paris, Georges Cuvier na Pierre André Latreille walikuwa wakiwapanga wanyama kwa kutazama mwili mzima: mdomo, miguu, matamvua, mahali yanapokaa mayai. Lakini Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani kwa muda mwingi wa ujana wa Leach, na Waingereza wengi walimng'ang'ania Linnaeus kana kwamba kumwacha ni kumsalimia Napoleon. Leach hakuwa na kasumba hiyo. Alisoma vitabu vya Wafaransa, akaandikiana nao barua, na vita vilipokwisha alikwenda Paris mwenyewe kutazama makusanyo yao. Kazi yake iliyochapishwa mwaka 1815 na Jumuiya ya Linnaeus ya London iliwagawa wale wadudu wa Linnaeus katika matabaka manne: jamii ya kaa na kamba, ambayo wataalamu huiita krasteshia, jamii ya tandu na jongoo, jamii ya buibui na nge, na wadudu wenyewe halisi. Mwanafunzi wa shule yetu ya upili anayejifunza leo kwamba buibui si mdudu, na jongoo si mdudu, anajifunza jambo ambalo Leach alilipigania akiwa kijana wa miaka 24. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme.

Sasa nije kwa wale wa miguu 14. Mwaka 1817 Latreille aliwapa jina la kundi zima, isopodi, maana yake wenye miguu iliyo sawa. Hawana deraya moja kubwa kifuani kama kaa. Mgongo wao ni vipande saba vilivyo wazi, kila kipande na jozi yake ya miguu, na mwili wao umebanwa kutoka juu kwenda chini. Mama hubeba mayai katika mfuko ulio kifuani, na watoto hutoka humo wakiwa na sura ya wazazi wao, ila jozi ya mwisho ya miguu bado haijaota. Leo zinajulikana zaidi ya spishi 10,000, na nyingi ni za baharini. Wapo wanaokula mwani, wapo wanaotafuna mizoga, wapo wanaokula ubao. Huyo wa mwisho Leach ndiye aliyempa jenasi yake, Limnoria, mwaka 1814, baada ya mhandisi Robert Stevenson kumpelekea viumbe waliokuwa wakizitafuna mbao zake kwenye mwamba wa Bell Rock, baharini mashariki ya Uskoti, alipokuwa akijenga mnara wa taa. Wenye majahazi wa Lamu na Zanzibar, ambao tangu zamani huzipaka mbavu za vyombo vyao shahamu ili bahari isizile, watamwelewa mhandisi huyo bila kuhitaji maelezo mengi.

Kuainisha viumbe hawa si kazi ya mtu mvivu. Wengi hawazidi ukucha wa kidole gumba kwa urefu. Mchunguzi huwalaza chini ya kioo cha kukuzia, akawageuza kwa ncha ya sindano, akahesabu pingili za kipapasio, akafungua kinywa kilicho kidogo kuliko punje ya ulezi, akatazama kama taya zimeumbwa kwa kutafuna au kwa kutoboa na kufyonza. Kisha huitazama miguu. Na hapa ndipo palipo na siri kubwa. Wapo ambao miguu yao ni ya kutembea na kuogelea, na taya zao zina nguvu: hao ni wawindaji na wala mizoga, nao huishi huru. Wapo ambao jozi tatu za mbele zimekuwa kulabu, na jozi nne za nyuma zimebaki miguu ya kawaida: hao humrukia samaki, hufyonza damu, kisha hushuka na kwenda zao. Na wapo ambao jozi zote saba ni kulabu: hao wakishampanda samaki ndio wamehamia, hawatoki tena. Wa aina hii huanza maisha yao wakiwa madume, kisha hugeuka majike. Mtu anayeitazama miguu hiyo kwa mpangilio ni kama anayesoma riwaya ya jinsi mnyama huru anavyogeuka kupe.

Tofauti hizo zilikuwamo katika makala ambayo Leach aliiandika kwa ajili ya kamusi kubwa ya elimu ya viumbe iliyokuwa ikichapishwa Ufaransa, na iliyotoka mwaka 1818. Ndani yake alizipanga jenasi nyingi, nyingi zikiwa mpya kabisa. Na hapo ndipo alipocheza kinyume. Conilera, Rocinela, Nerocila, Olencira, Nelocira, Lironeca: hayo sita yote ni Caroline aliyepinduliwa. Cirolana, Anilocra, Canolira: hayo matatu ni Carolina. Majina tisa, mwanamke mmoja.

Alikuwa nani? Leach hakuacha maelezo. Wako waliomtaja Caroline wa Brunswick, mke wa mwana wa mfalme aliyekuja kuwa George wa Nne, ambaye mumewe alimtupa na umma wa Uingereza ukamhurumia. Wako waliosema ni kipenzi cha moyo ambaye daktari huyo kijana hakuweza kumtaja hadharani. Mimi naegemea upande huu wa pili, ingawa sina ushahidi zaidi ya akili ya kawaida. Mtu anayetaka kumheshimu binti mfalme humtaja wazi wazi ili sifa isikike. Anayelificha jina, akalifumua na kulisuka upya mara tisa, huyo anaficha jambo lake mwenyewe.

Watu wazito walikereka, na hadi leo wako wanaosema kwamba huo ulikuwa utoto. Mimi sikubali. Jina la jenasi ni kigingi cha kufungia mnyama, wala si maelezo ya mnyama. Maelezo yapo chini ya jina, katika zile sentensi kavu za idadi ya pingili na umbo la mkia. Leach angezembea katika sentensi hizo, tungekuwa na haki ya kumcheka. Lakini karne mbili zimepita, na Cirolana, Conilera, Rocinela, Nerocila na Anilocra zingali jenasi zinazokubaliwa na wataalamu duniani kote. Kigingi kinachokaa ardhini miaka 200 hakikupigwa kwa mzaha.

Kosa moja dogo lilitokea, nalo ni la kiwandani. Aliyepanga herufi katika kiwanda cha uchapishaji alipofika kwenye Lironeca, au kwa kutoisoma vyema hati ya Leach au kwa haraka ya kazi, aliweka v mahali pa r. Likatoka Livoneca. Kwa sheria za wataalamu wa majina ya wanyama, jina husimama kama lilivyochapishwa mara ya kwanza. Basi wataalamu wa leo huandika Livoneca, na Caroline wa hapo amepotelewa na herufi moja ambayo hatarudishiwa. Sisi tunaoandika magazetini, na tunaoujua uchungu wa kuyakuta makosa ya kupiga chapa asubuhi gazeti likiwa limekwisha kufika Kisumu, hatuna budi kumpa Leach pole.

Lakini jina ambalo mimi binafsi nalikumbuka zaidi halimo katika yale tisa. Katika jenasi ya Cirolana, spishi ya kwanza aliiita Cirolana cranchii. Hilo la pili ni jina la mtu, John Cranch, na habari yake yafaa iandikwe hapa kwa sababu mwisho wake ulikuwa Afrika.

Cranch alizaliwa Exeter mwaka 1785. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, na mjomba aliyemlea akampeleka kujifunza ushonaji viatu. Mchana alishona viatu. Muda wowote alioweza kuuiba aliutumia kuokota kombe, wadudu na kaa, na kujisomea vitabu kwa nguvu zake mwenyewe. Baadaye, akiwa na mke na karakana yake pale Kingsbridge, alijenga makumbusho yake mwenyewe ya viumbe. Wataalamu wakaanza kubisha hodi, Leach akiwa mmoja wao. Leach aliona alichokiona. Akamwajiri Cranch kuikusanyia Makumbusho ya Uingereza wanyama wa bahari, na yule fundi viatu akawa anatoka na wavuvi katika mashua, siku na usiku, akizoa kutoka chini ya bahari ya Devon na Cornwall kila kilichonaswa. Sehemu kubwa ya sifa za Leach ilitoka katika vikapu vya Cranch.

Mwaka 1816 serikali ya Uingereza iliandaa msafara chini ya Kapteni James Tuckey kwenda kuupanda mto Kongo, ambao wakati huo Wazungu waliuita pia Zaire. Walitaka kujua kama mto huo na mto Niger ni mmoja. Walihitaji mkusanyaji wa wanyama, na Leach ndiye aliyempendekeza Cranch. Njiani baharini Cranch alifanya kazi ya ajabu, akivua kwa nyavu zake vijinyama vya juu ya maji ambavyo hakuna aliyewahi kuvieleza. Walipofika Kongo walipanda mto hadi maporomoko ya Yellala, kisha wakaendelea kwa miguu, na hapo homa ikaanza kuwafyeka. Cranch alirudishwa merikebuni akiwa hajiwezi, akafariki tarehe 4 Septemba 1816, hajatimiza miaka 32. Alizikwa Embomma, mji ambao leo unaitwa Boma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwezi mmoja baadaye Kapteni Tuckey naye alifariki. Swali la Kongo na Niger walirudi nalo walionusurika bila jibu.

Chupa zilifika London bila mwenyewe. Leach akazifungua. Akaeleza wanyama waliokuwamo, na maelezo hayo yakachapishwa mwaka 1818 pamoja na habari za msafara. Ngisi mmoja wa ajabu aliyemo katika mkusanyo huo akampa jenasi nzima, Cranchia. Na mwaka huo huo wa 1818 akaliweka jina la rafiki yake marehemu kwenye isopodi wa maji ya baridi ya kwao, Cirolana cranchii, Caroline na fundi viatu wakilala pamoja katika jina moja. Sisemi kwamba jina katika kitabu ni fidia kwa mjane. Lakini hebu tufikirie ni Waafrika wangapi waliowabebea wageni vyavu na masanduku, waliozijua fungu, vilindi na misimu, waliompeleka mtaalamu hadi mlangoni mwa shimo la mnyama, ambao majina yao hayakuandikwa hata pembezoni mwa ukurasa. Nikiipima mizani hiyo, namwona Leach kuwa mtu muungwana.

Nikishamsifu hivyo, yanipasa niseme na lake baya, maana kuandika habari za mtu kwa kuchagua mazuri tu ni kumwimbia. Leach alikuwa mtu wa pupa. Wamesimulia waliomjua kwamba alikuwa mwepesi wa mwili kama paka, na kwamba katika ngazi za makumbusho alikuwa na pundamilia aliyejazwa majani ambaye yeye hupenda kumruka juu kwa mruko mmoja. Hilo halina madhara, ila labda kwa pundamilia. Lakini pupa yake iliingia pia ghalani. Makumbusho yale yalianzishwa kwa mkusanyo wa Hans Sloane, daktari aliyekufa mwaka 1753 na kuliachia taifa vitu vyake. Wanyama wa Sloane walikuwa wamezeeka, nondo wamewala, harufu imewatoka. Leach aliwadharau. Mara kwa mara alikuwa akiwatoa nje na kuwachoma moto, na moto huo alikuwa akiutania.

Wanaomtetea husema kwamba hata aliyemtangulia kazini alikuwa akichoma, na kwamba vitu vile vilikuwa vimeoza. Mimi nasema hilo halimtoi lawamani. Mtu aliyejua thamani ya isopodi wa nusu inchi aliyeletwa na fundi viatu alipaswa kujua kwamba mnyama wa zamani, hata akiwa amebaki fuvu na kipande cha ngozi, ni shahidi. Shahidi akichomwa, kesi haiwezi kusikizwa tena. Nalisema hili pia kwa sababu nimewahi kuingia katika ghala moja la vielelezo, nisilolitaja, nikaona paa limetoboka na maji ya mvua yakichuruzika juu ya masanduku ambayo waliokusanya vilivyomo wamekwisha kufa. Hakuna aliyewasha moto hapo. Matokeo lakini ni yale yale, tofauti ni mwendo.

Miaka minane Leach alifanya kazi kama anayefukuzwa. Aliandika juu ya kaa, isopodi, tandu, wadudu, kombe, ndege. Alianza kitabu kikubwa cha kaa na kamba wa Uingereza, kilichochorwa kwa rangi na James Sowerby, na sehemu zake zilianza kutoka mwaka 1815. Mwaka 1819 alikwenda katika mnada wa makumbusho ya William Bullock akayanunulia Makumbusho ya Uingereza ndege ambao leo hawana bei, akiwamo yule ndege mkubwa wa bahari ya kaskazini asiyeweza kuruka ambaye ametoweka duniani. Katika mnada huo huo alimpata ndege mdogo wa tufani ambaye Mholanzi Temminck alimpa jina la Leach, na Waingereza wanamwita hivyo hadi leo. Kila siku alikuwa na chupa mpya, barua mpya, jenasi mpya. Mchana makumbusho, usiku kalamu.

Mwaka 1821 akili yake ilikataa. Waliomtazama walisema kazi imemmaliza. Mwaka 1822, akiwa na miaka 31, alijiuzulu. Dada yake Jane aliyemzidi umri alimchukua, wakaondoka Uingereza na kwenda bara la Ulaya, hatimaye wakaishi Italia. Nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine, meza ikafutwa vumbi, na makumbusho yakaendelea. Sijui msomaji anawaza nini anaposoma habari kama hii. Mimi humuwaza Jane. Leach ameandikwa katika kamusi za watu mashuhuri, na Caroline, awe nani, ameandikwa mara tisa katika elimu ya bahari. Aliyeacha nchi yake ili amlee ndugu yake kwa miaka 14 hana hata spishi moja ya kaa aliyoitiwa katika yale majina ya 1818.

Huko Italia Leach alipata nafuu ya kiasi, akaendelea kupenda wanyama na kuwakusanya, lakini hakurudi tena kwenye nguvu zake za awali. Mwaka 1836 kipindupindu kilienea huko, na mwezi wa Agosti kikamchukua katika nyumba waliyokuwa wakiishi karibu na Tortona, Piedmont. Alikuwa na miaka 45. Kitabu chake kikubwa cha kaa na kamba hakikuwa kimekwisha. Sehemu za mwisho zilitoka mwaka 1875, miaka 39 baada ya kifo chake na miaka 60 baada ya sehemu ya kwanza.

Wenziwe wa fani hawakuuacha ule mchezo wake ufe. Mwaka 1880 Edward Miers wa Makumbusho ya Uingereza alipopata jenasi mpya ya wale wanaomganda samaki, aliiita Renocila. Msomaji akazipange herufi mwenyewe. Mwaka 1890 Mdenmarki Hans Jacob Hansen, mtu makini aliyeandika kitabu kizito juu ya familia hizi, alizipa jenasi mbili mpya majina ya Alcirona na Lanocira. Kabla ya hapo familia nzima ya wale wawindaji huru ilikuwa imeitwa Cirolanidae, na mwaka 1879 Mfaransa Alphonse Milne-Edwards alipomweleza isopodi mkubwa kuliko wote, Bathynomus giganteus, aliyetolewa katika giza na baridi ya kilindi cha Ghuba ya Mexico, mnyama mwenye urefu unaozidi futi moja, naye akaja kuwekwa chini ya familia hiyo. Hivyo Caroline wa 1818 akawa mama wa jitu.

Na kazi ya kugawa na kugawa tena haijakoma. Katika maji ya baridi ya Norwe na Uskoti yupo isopodi wa urefu wa fundo la kidole ambaye wavuvi wa huko wanamchukia. Samaki akinaswa na wavu na kuachwa chini ya bahari usiku kucha, viumbe hao humjia kwa mamia, na asubuhi mvuvi huvuta ngozi na mifupa. Mwaka 1851 alipewa jina, na kwa muda mrefu alikuwa chini ya jenasi ya Leach, akiitwa Cirolana borealis. Kwa miaka mingi jenasi hiyo ilijazwa kila aliyefanana na jamaa, mpaka ikawa kama chungu kile cha Linnaeus. Mwaka 1981 waliitazama miguu upya, wakaona kwamba baadhi yao wana miguu ya nyuma iliyopanuka kama kafi na kuzungushiwa nywele ndefu za kuogelea, nao hawakustahili kukaa na wengine. Wakawatenga katika jenasi mpya. Mwanzo wa jina lake ulitolewa katika neno la Kilatini la kuogelea. Mwisho wake uliachwa kama ulivyokuwa, na yule mla mizoga wa bahari ya kaskazini sasa ni Natatolana borealis, akiwa angali amebeba mkiani zile herufi za mwisho ambazo Leach alimpangia Carolina.